Mafuta yanayopasha moto ekzosi ya dizeli hayapotei bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja iliyorudiwa na wasomaji kadhaa walioandika kuhusu magari ya dizeli. Wanasema kwamba injini za kisasa zimeundwa ili zile mafuta bila sababu, kwa kuwa kompyuta yake huingiza kwenye silinda mafuta ya ziada yasiyosukuma pistoni, na kwamba dawa ni kukikata kichujio cha masizi kwenye bomba la ekzosi na kuifuta sehemu inayohusika ndani ya programu. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana inawashawishi wengi: zipo nyakati ambapo nozeli hunyunyiza mafuta ambayo hayakukusudiwa kulisukuma gari hata hatua moja. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu inatokana na kutojua kazi ya mafuta hayo, na fundi asiyeijua kazi ya kitu huona ni rahisi kukiondoa kuliko kukitengeneza.

Ni vyema kuanza na tabia ya injini yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Huivuta hewa, huigandamiza mpaka ikapata joto kali, kisha hunyunyiza mafuta ambayo huwaka yenyewe. Nguvu yake hupunguzwa na kuongezwa kwa kiasi cha mafuta, wala si kwa kiasi cha hewa. Kilo moja ya dizeli huhitaji takribani kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini injini inayounguruma gari likiwa limesimama huweza kupitisha hewa mara tano ya hiyo au zaidi. Hewa hiyo ya ziada huingia na kutoka bila kufanya kazi yoyote, ikiyachukua yale mafuta machache yaliyoungua na kuligawa joto lao mpaka likawa dogo. Ndiyo sababu ekzosi ya gari lililokwama kwenye foleni huweza kuwa na nyuzijoto mia moja na kitu tu za sentigredi, ilhali gari hilohilo likipanda mlima na mzigo hupita nyuzijoto 500. Na hapa pana jambo ambalo wasifiaji wa dizeli hulisahau: kadiri injini inavyofanikiwa kuligeuza joto kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu, ndivyo inavyobakiza joto kidogo la kutoka nje. Sifa tunayoinunulia injini hii ndiyo hiyohiyo inayovinyima chakula vifaa vya kuusafisha moshi wake.

Vifaa hivyo vinahitaji joto, na kila kimoja kina kiwango chake. Cha kwanza ni kichocheo cha kuoksidisha, yaani kifaa kinachoyaunguza mabaki ya mafuta bila mwali, chenye madini ya platinamu na paladiamu, ambacho huanza kufanya kazi ya maana kwenye nyuzijoto kati ya 200 na 250. Nyuma yake kuna kichujio cha masizi, ambacho huzuia zaidi ya asilimia 95 ya chembe zinazotoka kwenye injini, na kwa sababu huzizuia, hujaa. Masizi yanaweza kuungua polepole kuanzia nyuzijoto 250 hivi au 300 kwa msaada wa dioksidi ya nitrojeni inayotengenezwa na kile kichocheo cha kwanza, lakini yakitakiwa kuungua kwa oksijeni na kwa haraka, yanahitaji nyuzijoto zipatazo 550 hadi 650. Kwenye magari mengi kuna kifaa cha tatu, kile cha kupunguza oksidi za nitrojeni kwa kutumia maji ya yurea ya asilimia 32.5. Yurea hiyo ikinyunyiziwa ndani ya bomba lisilofika nyuzijoto 180 au 200, haigeuki vizuri kuwa amonia, gesi inayoifanya kazi hiyo, bali huganda ukutani mwa bomba kama chumvi nyeupe ngumu. Gari linalosambaza bidhaa mjini, linalosimama na kuondoka siku nzima, linaweza kumaliza zamu likiwa chini ya viwango hivyo vyote vitatu. Kwa hiyo joto lazima litafutwe mahali, na chombo kilicho karibu zaidi, ambacho tayari kimelipiwa na tayari kipo, ni nozeli.

Nozeli za zamani zisingeweza kazi hiyo. Pampu ya zamani ilisukuma mafuta pale tu kemu, yaani nundu ya chuma inayozunguka na injini, ilipoisukuma, na muda wa kunyunyiza ulifungwa kwenye mzunguko wa chuma. Mabadiliko yalikuja na mfumo wa komoni reli, ambamo pampu hujaza mafuta yenye shinikizo kwenye bomba moja la pamoja, na kila nozeli hufunguliwa kwa umeme wakati wowote kompyuta inapotaka. Kampuni ya Denso iliuweka mfumo wa aina hiyo kwenye lori la Hino mwaka 1995, na mwaka 1997 gari dogo la Alfa Romeo 156 liliuzwa likiwa na reli yenye shinikizo la baa 1,350 (baa moja ni takribani shinikizo la hewa inayotuzunguka). Leo mifumo mingi hupita baa 2,000. Mwaka 2000 Peugeot 607 ilitoka kiwandani na kichujio cha masizi, ikitumia kiongezi cha seriamu ndani ya mafuta ili masizi yaweze kuungua kwenye nyuzijoto zipatazo 450, na ikitumia nozeli kulifikia joto hilo. Hii ina maana kwamba kuipasha moto ekzosi kwa kunyunyiza mafuta si ujanja wa juzi. Ni ufundi wenye umri wa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya makosa yake inajulikana.

Naomba subira ya wasomaji nieleze jinsi unavyofanyika, kwa sababu mjadala mzima umesimama juu ya hapa. Katika mwendo wa kawaida, kompyuta hunyunyiza tone moja au mawili ya awali, yenye ujazo wa milimita moja au mbili za ujazo, ili moto uanze taratibu na injini isigonge. Kisha hufuata mnyunyizo mkuu, karibu na pale pistoni inapofika juu kabisa. Kompyuta ikiamua kuongeza joto, hatua yake ya kwanza huwa ni kuuchelewesha mnyunyizo mkuu. Mafuta yakiwaka pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, gesi hazipati nafasi ya kutanuka vya kutosha, kazi inayopatikana hupungua, na joto ambalo lingekuwa kazi hutoka kupitia vali za ekzosi. Kuchelewesha kuna mpaka, kwani pistoni inaposhuka hewa hupoa na mwako huanza kusitasita. Ndiyo sababu wakati huo ile minyunyizo ya awali hupangwa upya, pengine huongezwa, ili kuulinda moto usife.

Hatua ya pili ni mnyunyizo wa kufuatia, unaokuja takribani digrii 20 hadi 50 za mzunguko wa krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, baada ya pistoni kupita juu. Mafuta hayo bado huwaka ndani ya silinda, ila hayaisaidii sana pistoni. Joto lake karibu lote huelekea kwenye turbo (feni ya kusukumia hewa inayozungushwa na moshi) na bomba. Yakipangwa vizuri, huunguza pia sehemu ya masizi ambayo mnyunyizo mkuu uliyaacha. Sambamba na hayo, kilango cha hewa kwenye njia ya kuingizia hufungwa kwa kiasi, na hapa msomaji ataikumbuka ile hewa ya ziada niliyoitaja: hewa ikipungua, joto lilelile hugawanywa kwa gesi chache, na nyuzijoto hupanda hata bila kuongeza tone la mafuta. Kwa maoni yangu kilango hiki hakipewi heshima inayostahili. Mafundi wengi hukiona kama takataka ya kusafishwa au kuzibwa, kumbe kikikwama wazi, nozeli hulazimika kubeba peke yake mzigo ambao ungebebwa na wawili.

Hatua ya tatu ndiyo inayolalamikiwa. Kichocheo cha kwanza kikishafika joto lake, kompyuta hunyunyiza mafuta kwa kuchelewa sana, zaidi ya digrii 90 baada ya pistoni kupita juu, wakati ndani ya silinda hakuna tena joto la kuyawasha. Mafuta hayo hugeuka mvuke, hutoka yakiwa mabichi, na huenda kuungua juu ya platinamu na paladiamu bila kuwa na mwali. Gesi zilizoingia kwenye kichocheo zikiwa na nyuzijoto 300 hutoka zikiwa na 600, na kichujio kilichoko nyuma huanza kuunguza masizi yake. Kwa macho ya mtu anayetazama matumizi ya mafuta tu, hayo ni mafuta yaliyotupwa kwenye bomba. Lakini hebu tuyapime. Kuipasha kilo moja ya gesi za ekzosi kwa nyuzijoto 300 kunahitaji kilojuli 330 hivi, na gramu moja ya dizeli ina takribani kilojuli 43. Kwa hiyo gramu nane zisizotimia zinatosha kwa kila kilo ya gesi. Injini inayotoa kilo 100 za gesi kwa saa, ikifanya kazi hiyo kwa dakika 20, itakuwa imetumia mafuta ya theluthi moja ya lita, na kidogo zaidi kwa sababu ya joto linalopotea njiani. Kwa magari madogo mengi hilo hutokea mara moja baada ya kilomita mia kadhaa. Sisemi kwamba ni bure. Nasema kwamba anayedai kichujio ndicho kinachomaliza tangi lake ama ana hitilafu nyingine ambayo hajaitafuta, ama ameuziwa hadithi.

Ugumu wa jambo hili haumo katika kiasi cha mafuta. Umo katika kulidhibiti joto lisipite wala lisipungue, huku dereva asihisi chochote. Mnyunyizo mkuu ukicheleweshwa, nguvu hupungua; kompyuta hulazimika kuongeza mafuta mahali pengine ili kanyagio la dereva litoe nguvu ileile iliyotoa sekunde moja kabla, na mageuzi hayo hufanywa hatua kwa hatua. Kila nozeli inapofunguka na kufungwa, hutuma wimbi la shinikizo kwenye reli, na wimbi hilo hubadilisha kiasi cha mnyunyizo unaofuata. Kwa hiyo programu lazima ijue mnyunyizo uliopita ulikuwa mkubwa kiasi gani na umepita muda gani. Kisha kuna kuchelewa kwa joto lenyewe. Mtu anayepuliza makaa ya jiko haoni wekundu papo hapo, na akipuliza kwa pupa hushtukia moto umemzidi. Ndivyo ilivyo kwa kichocheo, ambacho kina uzito wake na huchukua muda mrefu kuonyesha matokeo ya mafuta yaliyonyunyizwa sasa hivi. Kompyuta ikisubiri sensa ya joto, yaani kihisio kilichomo bombani, iseme ndipo ipunguze mafuta, itakuwa imechelewa. Hivyo hukokotoa kwanza kiasi kinachotarajiwa kutokana na wingi wa gesi na joto lake la kuingilia, kisha hutumia sensa kusahihisha tofauti ndogo tu. Nao mwongozo wa kwanza katika hesabu hiyo ni katazo: kichocheo kikiwa hakijafika joto la kuanzia kazi, mnyunyizo wa mwisho hauruhusiwi, kwani mafuta yatapita mabichi na kutoka kama moshi mweupe, au yatabaki usoni mwa kichocheo na kuuziba.

Nimelieleza hili kwa urefu ili ieleweke kwamba mlolongo huo hutegemea sehemu nyingi ndogo kusema ukweli. Sensa ya joto ikidanganya kwa nyuzijoto 50 kwenda juu, kompyuta itanyunyiza mafuta juu ya kichocheo kisichokuwa tayari. Ikidanganya kwenda chini, haitaanza kabisa, na kichujio kitajaa. Nozeli iliyochakaa, inayotoa kidogo zaidi ya ilivyoagizwa, haitaonekana kirahisi katika mnyunyizo mkuu ambao ni mkubwa, lakini katika matone madogo kosa hilo ni kubwa mno. Ndiyo maana nozeli nyingi za komoni reli huja na msimbo uliochapwa juu yake, unaoeleza jinsi nozeli hiyo moja inavyotofautiana na wenzake, nao unapaswa kuingizwa kwenye kompyuta kila nozeli inapobadilishwa. Katika karakana nyingi nozeli hubadilishwa na msimbo hauingizwi, kwa sababu injini huwaka na gari huondoka. Miezi michache baadaye kichujio kinaziba, na lawama hukiendea kichujio.

Lipo pia tatizo la oili, nami sitalificha, kwa kuwa ndilo lalamiko lenye nguvu kuliko yote dhidi ya mnyunyizo wa mwisho. Mafuta yanayonyunyizwa pistoni ikiwa chini hukuta ukuta wa silinda ukiwa wazi. Sehemu yake hushikamana na ukuta, hukwanguliwa na ringi za pistoni, na hushuka kwenye oili. Dizeli ya kawaida iliyomo kwenye oili huweza kurudi kuwa mvuke injini ikipata joto la kutosha, ingawa si yote. Dizeli ya mimea huchemka kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo hubaki. Oili iliyochanganyika na mafuta huwa nyepesi, na bearingi huumia. Gari ambalo kila likianza kusafisha kichujio huzimwa kabla ya kumaliza, kisha huanza upya kesho yake, ndilo hupata hasara hiyo, kwa sababu hunyunyiza mara nyingi bila kufika mwisho wa kazi. Dereva wa gari kama hilo akitazama kijiti cha kupimia oili na kukuta imepanda badala ya kushuka, asifurahi. Abadilishe oili mapema, kisha atafute kwa nini usafishaji haukamiliki.

Kwa mitambo inayofanya kazi nyepesi kwa saa nyingi, mimi ningechagua njia nyingine ambayo baadhi ya watengenezaji wa malori wamekwisha kuitumia: nozeli ya pekee iliyowekwa kwenye bomba la ekzosi, nyuma ya turbo, inayonyunyiza mafuta moja kwa moja mbele ya kichocheo. Ukuta wa silinda hauguswi, na oili inabaki salama. Hata hivyo, njia hiyo haiondoi haja ya kuidhibiti injini, kwani kichocheo bado kinataka nyuzijoto zake za kuanzia, na hizo hupatikana kwa kuchelewesha mnyunyizo mkuu na kukifunga kilango cha hewa kama nilivyoeleza. Vipo pia vipasha joto vya umeme na vichomeo vidogo vya mafuta kwenye bomba. Vyote hivyo ni vya kusaidia. Sijaona kimoja kinachoiachia nozeli ya injini ipumzike kabisa.

Kuna wakati mmoja ambao ni hatari kuliko mingine, na madereva wachache wameambiwa. Kichujio kikiwa katikati ya kuunguza masizi mengi, kisha dereva aondoe mguu na kuiacha injini iungurume bila mzigo, gesi zinazopita hupungua ghafla huku oksijeni ndani yake ikiongezeka. Masizi huendelea kuungua kwa nguvu zaidi, na gesi za kulichukua joto hazipo. Ndani ya kichujio joto huweza kupita nyuzijoto 1,000, na kauri yake, iwe ya kodieraiti au ya kabidi ya silikoni, huweza kupasuka. Programu nzuri hujihami kwa kutoyaacha masizi yazidi kiwango fulani kabla ya kuanza, na kwa kuibadilisha hewa na minyunyizo mara tu inapoona mguu umeondolewa. Lakini kiasi cha masizi hukadiriwa kwa tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya kichujio pamoja na hesabu ya mwendo uliopita. Hakuna mizani ndani ya bomba. Aliyekwisha kuizuia kompyuta isisafishe mara nyingi mfululizo ameyaacha masizi yajikusanye kupita makadirio, na siku itakapofaulu kuyawasha, moto utakuwa mkubwa kuliko ilivyopangwa.

Wanaopendekeza kukitoa kichujio hujibu kwamba basi, kikiondolewa, matatizo yote haya yanakwisha. Yanakwisha kwa mwenye gari, na hata kwake si yote. Mnyunyizo wa mwisho usipofutwa vizuri kwenye programu, mafuta huendelea kuingia kwenye bomba lisilo na kitu. Yule aliyeifuta sehemu moja na kuiacha nyingine ameiacha injini ikichelewesha moto wake bila sababu, na hapo ndipo mafuta yanapopotea kwelikweli. Kwa wengine wanaopumua hewa ileile, masizi hayakuisha. Yamehama kutoka kwenye kauri kwenda mapafuni. Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo haukuhusu harufu wala weusi wa moshi. Chembe ndogo kabisa, zinazoingia ndani zaidi ya mapafu, hazionekani kwa macho, na moshi unaoonekana msafi unaweza kuwa umejaa chembe hizo.

Lawama yangu siielekezi kwa madereva peke yao. Watengenezaji wana sehemu kubwa, tena ya aibu. Magari mengi hayana taa wala maandishi ya kumweleza dereva kwamba usafishaji wa kichujio unaendelea. Huwasha taa pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Dereva husikia mlio wa injini umebadilika, huona feni inazunguka baada ya kuzima, hunusa joto, na huhitimisha kwamba gari ni bovu. Angeonyeshwa neno moja tu kwenye dashibodi, angeendesha dakika kumi zaidi na kazi ingekwisha. Sioni sababu ya kiufundi ya kumficha, kwa kuwa kompyuta inajua dakika na sekunde ilipoanza na makadirio ya itakapomaliza. Wala haitoshi kusema maelezo yamo kwenye kitabu cha gari, maana magari hubadilisha wamiliki mara nyingi na vitabu hubaki kwa wa kwanza.

Usiri huo una historia mbaya. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliitangazia Volkswagen kwamba programu ya baadhi ya injini zake za dizeli ilitambua gari linapokuwa kwenye kipimo, ikausafisha moshi kikamilifu, kisha barabarani ikaupunguza usafishaji huo mpaka oksidi za nitrojeni zikafika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Sehemu za chuma zilikuwa zilezile. Kilichobadilika kilikuwa amri zinazotolewa kwa sehemu hizo. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba namna injini inavyoamriwa ni siri ya kiwanda isiyomhusu mwananchi. Jimbo la California, kwa kanuni zilizopitishwa mwaka 2020, liliongeza kwa injini za malori kuanzia modeli za mwaka 2024 kipimo cha mwendo wa mzigo mdogo, kwa sababu ilikuwa imeonekana kwamba injini zilizofaulu kwenye mwendo mkali zilipoa na kuchafua hewa zilipokuwa zikitambaa mjini. Kipimo cha namna hiyo ndicho kinachomlazimisha mtengenezaji kuutunza moto wa ekzosi pale panapohitajika hasa.

Kwa hiyo ninachoomba, na ningependa wahusika wajibu kupitia gazeti lako, ni mambo ambayo hayahitaji uvumbuzi mpya. Kila gari lenye kichujio lionyeshe kwenye dashibodi usafishaji unapoanza na unapokwisha, pamoja na makadirio ya masizi yaliyomo. Misimbo ya nozeli na utaratibu wa kuiingiza, pamoja na thamani ambazo sensa za joto na shinikizo zinapaswa kusoma katika kila hatua, vipatikane kwa karakana yoyote na si kwa wakala wa kiwanda peke yake. Ukaguzi wa magari uhesabu chembe kwa kifaa badala ya kuridhika na jicho la mkaguzi anayetazama kama moshi ni mweusi. Wauzaji wa mafuta nao wabanwe kuhusu salfa, kwani Ulaya imeishusha hadi sehemu 10 kwa milioni na Marekani hadi 15 kwa sababu salfa hukitia sumu kile kichocheo ambacho mpango mzima huu unakitegemea. Kikipoteza uwezo, joto la kuanzia kazi hupanda, na kila dakika ya kusafisha hudai mafuta zaidi.

Na kwa mafundi wenzangu, kabla ya kumshauri mteja akate bomba, chomeni kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na mtazame mambo manne gari likiwa barabarani: joto kabla ya kichocheo, joto baada yake, tofauti ya shinikizo la kichujio, na nafasi ya kilango cha hewa. Joto la kwanza likikataa kupita 250, tatizo liko kwenye injini au kilango. Likipita na la pili lisipande mafuta ya mwisho yanaponyunyizwa, kichocheo kimekufa au nozeli hazitoi. Yote yakipanda na shinikizo lisishuke, basi kilichomo ni majivu ya oili, ambayo hayaungui kwa joto lolote la aina hii, na kichujio kitolewe kikasafishwe nje au kibadilishwe. Mkilazimika kusafisha gari likiwa limesimama, lisimame kwenye sakafu ya zege, mbali na nyasi kavu na matambara yenye oili, na asiwepo mtu nyuma ya bomba.

Wako,
Fundi na mwalimu wa injini za dizeli